Meza ya Baharia: Uliza kwanza mvua ya huko

Kwa wasomaji wapya: nilipika na kutunza stoo kwenye meli za mizigo kwa miaka 22, na bandari nilizozizoea zaidi ni za Bahari ya Kati na Bahari Nyeusi. Nimerudi nyumbani Tanga, na siku hizi nawasaidia wenye hoteli ndogo za pwani yetu kupanga chakula na vinywaji. Mwezi huu barua nyingi zimeulizia mvinyo mwekundu wa kilimo hai. Nimezikusanya pamoja. Waliouliza mapishi ya pweza wanisubiri toleo lijalo.

*Shikamoo Baharia. Nina nyumba ya wageni ya vyumba saba hapa Bagamoyo. Wageni wangu wengi ni Wazungu wanaokuja kuona Mji Mkongwe na magofu ya Kaole, na miaka hii wananiuliza kama nina waini nyekundu ya kilimo hai. Msambazaji wa Dar es Salaam amenipa orodha. Ya Bordeaux, Ufaransa, bei yake inanitisha. Kuna nyingine za Jumilla, Utiel-Requena na Naoussa, majina ambayo sijawahi kuyasikia, nazo ni karibu nusu ya bei. Naogopa kuwawekea wageni kitu cha ovyo. Nichukue ipi?*
Mama wa nyumba ya wageni, Bagamoyo

Marahaba, mama. Chukua ya Jumilla, na ukiweza weka ya Utiel-Requena pembeni yake. Bordeaux iache kwa sasa. Nitakueleza sababu kwa urefu, maana mgeni akikuuliza ni vizuri uwe na jibu lako mwenyewe kuliko kukariri la msambazaji.

Mwaka mmoja meli yetu ilikaa siku nne Cartagena, kusini mashariki mwa Hispania, ikisubiri zamu ya kupakia. Kijana wa ofisi ya wakala alikuwa na mjomba anayelima zabibu huko bara, akanichukua twende tukanunue ya stoo. Tulisafiri zaidi ya saa nzima kwa gari, na kadiri tulivyopanda ndivyo nchi ilivyozidi kukauka. Jumilla ni nyanda za juu, udongo mweupe wa chokaa wenye mawe mengi hata nikadhani tumefika machimboni. Mizabibu haikufungwa kwenye waya. Kila mmoja ulisimama peke yake, mfupi kama kichaka, na kati ya mmoja na mwingine ungeweza kupitisha mkokoteni. Nikamuuliza yule mzee anapiga dawa mara ngapi. Akasema salfa ya unga anaipuliza mara chache mwanzoni mwa msimu, kazi nyingine anauachia upepo. Cheti cha kilimo hai alikipata bila kubadili mambo mengi katika namna ambayo baba yake alikuwa akilima.

Mzabibu una maradhi mawili makubwa ya ukungu. La kwanza wakulima wetu wa korosho wanalijua vizuri: ubwiri unga, ule unaofanya maua yaonekane kama yamenyunyiziwa unga. Dawa yake ya tangu zamani ni salfa, na kilimo hai kinairuhusu. La pili ni ubwiri vinyoya, na huo unataka jani lililolowa. Jani likiwa kavu, ugonjwa haupati pa kuanzia. Jumilla hupata mvua ya milimita 300 hivi kwa mwaka. Tanga yetu hupata zaidi ya mara tatu ya hizo, na Bordeaux, iliyo jirani na Bahari ya Atlantiki, hupata kama milimita 900.

Na Bordeaux ndiko ilikogunduliwa dawa ya ubwiri vinyoya, baada ya ugonjwa huo kuingia Ulaya kutoka Marekani miaka ya 1870. Wakulima wa Médoc, huko huko Bordeaux, walikuwa wakiimwagia mizabibu ya kando ya barabara mrututu, yaani chumvi ya shaba, pamoja na chokaa, ili zabibu zionekane zina sumu na wapita njia wasizichume. Huku kwetu mtu hufunga kitambaa chekundu kwenye mti wa matunda kwa nia ileile. Profesa wa elimu ya mimea aitwaye Alexis Millardet akaona kwamba mizabibu ile ya barabarani imebaki na majani wakati ya katikati ya shamba imepukutika, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo kwa wote. Mkulima wa kilimo hai bado anaruhusiwa kutumia shaba, lakini shaba haiozi, inabaki udongoni, kwa hiyo Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo: kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, wastani wa kilo 4 kwa mwaka.

Sasa mfikirie mkulima wa mahali penye mvua. Mvua ikiosha dawa anarudi shambani, ikinyesha tena anarudi tena, na akikaribia kikomo cha shaba hana la kufanya ila kuangalia mawingu. Mwaka mbaya unaweza kumchukulia sehemu kubwa ya mavuno. Gharama hiyo yote inaingia kwenye chupa, kisha juu yake unalipia jina la Bordeaux. Wapo huko wakulima hodari wa kilimo hai, nami nawaheshimu hasa kwa sababu kazi yao ni ngumu kuliko ya yule mzee wa Jumilla. Ila mtu akiniletea mvinyo wa kilimo hai wa bei ya chini kutoka mahali pa mvua nyingi, huwa najiuliza amepunguza nini. Mvinyo ukitoka mahali pakavu penye upepo, na ardhi yenyewe si ghali kwa kuwa hapana jina, bei ya chini ina maelezo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa msambazaji yeyote ni moja: huko mvua inanyesha kiasi gani?

Zabibu yenyewe ya Jumilla inaitwa Monastrell, Wafaransa huiita Mourvèdre. Mvinyo wake ni mweusi na mzito, una ladha ya zambarau zilizoiva hadi kupasuka, na pilipili manga nyuma yake. Kileo chake mara nyingi ni asilimia 14 hadi 15, kwa hiyo mwambie mhudumu asijaze glasi. Uweke na mishkaki, mbuzi wa kuchoma, nyama iliyoungwa na viungo vya pilau. Ukiona kwenye lebo maneno *pie franco*, maana yake ni mizabibu inayosimama kwenye mizizi yake yenyewe. Karibu Ulaya yote ililazimika kuunganisha mizabibu yake na mashina ya Kimarekani baada ya mdudu filoksera kuyamaliza mashamba katika karne ya 19. Jumilla mdudu huyo alichelewa sana, alikuja kuleta hasara mwaka 1989, na kwenye udongo wa kichanga, ambao mdudu huyo haupendi, imebaki mizabibu mikongwe isiyounganishwa. Chupa hizo ni ghali kidogo. Nunua mbili tu kwa ajili ya mgeni anayejua.

Utiel-Requena iko nyuma ya Valencia, juu kidogo, na zabibu yake ni Bobal. Kwa miaka mingi mvinyo wa Bobal ulikuwa ukiuzwa kwa jumla kwenye matangi, ukachanganywa na wa wengine ili kuwaongezea rangi, na jina lake likawa halionekani kwenye chupa. Wakulima wa siku hizi wameanza kuuweka kwenye chupa kwa jina lake, na bei bado haijawapata. Una uchachu unaoamsha mate kuliko Monastrell, kwa hiyo unamfaa mgeni anayeona Jumilla ni nzito kwa joto letu.

Naoussa iache kwa oda ya pili. Iko Ugiriki ya kaskazini, si mbali na Thessaloniki, na zabibu yake ni Xinomavro, jina ambalo kwao lina maana ya chachu na nyeusi. Naipenda mno. Lakini ina ukakasi wa bibo la korosho, ule unaokausha ulimi, na mgeni asiyeizoea akiinywa na samaki atasema umempa kitu kibaya. Inataka nyama ya kondoo na mtu asiye na haraka.

Kisha kuna hesabu, mama, na hii wengi hawaijui. Ushuru wa bidhaa wa mvinyo nchini kwetu hutozwa kwa lita. Chupa, kizibo, katoni na nafasi ndani ya kontena pia haviangalii kilichomo. Kwa hiyo kwenye chupa ya bei ya chini kabisa, sehemu kubwa ya pesa yako imelipia kioo, safari na kodi, na mkulima amepata kidogo mno. Ukipanda ngazi moja kwenye orodha, sehemu kubwa zaidi ya pesa yako inakwenda kwenye mvinyo wenyewe. Usichukue ya chini kabisa ya Jumilla. Chukua inayofuata.

*Assalamu alaykum mzee wangu. Nimepata kazi ya uhudumu hotelini Raskazone. Bosi ananitaka niwe msimamizi wa vinywaji na ameleta mvinyo mwekundu wa kilimo hai wa aina sita. Mimi ni Mwislamu, sinywi wala sitaonja. Nitawezaje kujua chupa nzuri na mbaya?*
Mhudumu, Tanga

Waalaykumu salaam, mwanangu. Usionje, na asikulazimishe mtu. Kwenye meli ya pili niliyofanyia kazi, mhudumu mkuu alikuwa Mwislamu wa Unguja ambaye hajawahi kutia tone kinywani, na maafisa wote walimwamini kwa chupa kuliko walivyoniamini mimi ninayekunywa. Nitakwambia alivyokuwa akifanya, kwa sababu hata mimi nilijifunza kwake.

Chupa ikifika alikuwa akiishika kwenye mwanga. Mvinyo unapaswa kufika shingoni. Ukiwa umeshuka hadi begani wakati chupa ni ya miaka miwili tu, umevuja. Alipapasa juu ya kizibo. Kikiwa kimenyanyuka na kuisukuma ile kofia ya juu, chupa hiyo imepata joto, na aliiweka pembeni bila mjadala. Akizungusha kofia ikakataa kuzunguka, alijua kuna mvinyo uliovuja na kukauka chini yake.

Halafu alisoma lebo ya nyuma, ile ambayo wengi hawaitazami. Alitafuta kama aliyelima ndiye aliyejaza chupa. Wahispania huandika *embotellado en la propiedad*, Waitalia *imbottigliato all'origine*, Wafaransa *mis en bouteille au domaine* au *au château*. Siyo hakikisho la ubora, lakini mtu aliyelima, akakamua na kujaza mwenyewe ana jina la kulinda. Kwa kilimo hai, wewe leo una kitu ambacho yeye hakuwa nacho: tafuta jani la kijani lililochorwa kwa nyota 12 za Umoja wa Ulaya, na karibu yake namba ya mkaguzi inayoanza na herufi za nchi, kama ES-ECO kwa Hispania, FR-BIO kwa Ufaransa, IT-BIO kwa Italia. Msambazaji akikwambia chupa ni ya kilimo hai na jani halipo, muulize cheti. Picha ya kipepeo au ua kwenye lebo si cheti.

Chupa ikishafunguliwa, mimina kidogo na uinamishe glasi juu ya kitambaa cheupe. Tazama ukingoni. Mvinyo mwekundu mchanga una ukingo wa zambarau au wa rangi ya rozela. Ukikuta ukingo wa kahawia kama chai ya rangi, na mwaka wa mavuno ni wa juzi, hiyo imeungua na joto mahali fulani njiani. Harufu ya siki, au ya boksi lililolowa maji, ni dalili ya kuharibika. Kuinusa au kutoinusa ni juu yako na dini yako. Ukiona bora usinuse, basi utaratibu wa mezani unakulinda: mgeni aliyeagiza ndiye anayemiminiwa kidogo kwanza, na yeye ndiye anayeamua. Akikunja uso, chukua chupa kwa heshima, usibishane.

Na uwe na daftari. Yule bwana alikuwa na la jalada gumu, kila chupa na ukurasa wake: mgeni wa nchi gani, alikula nini, alisema nini, alimaliza au aliacha nusu. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuwa anaujua mvinyo wa meli ile kama yeye. Nahodha akitaka kitu cha kula na kondoo, alifungua daftari na kutoa jibu.

*Ndugu Baharia, dada yangu aliyeko Ubelgiji aliniletea chupa ya Kiitalia, Montepulciano d'Abruzzo, yenye jani la kijani. Nyuma imeandikwa kwa lugha nyingi kuwa ina salfaiti. Hicho ni kilimo hai gani? Nami mvinyo mwekundu huniumiza kichwa, nilitegemea huu usingeniumiza.*
Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Dada yako hakudanganywa. Salfaiti ni kemikali za jamii ya salfa. Kidogo hutokea zenyewe hamira inapochachusha juisi, na sheria inataka ziandikwe kwenye lebo zikizidi miligramu 10 kwa lita. Kwa hiyo karibu kila chupa duniani, hata ya mkulima mwadilifu kuliko wote, ina maandishi hayo. Mtengenezaji huongeza kiasi fulani ili mvinyo usigeuke siki.

Tofauti iko kwenye kiasi. Zamani Umoja wa Ulaya ulikuwa na kanuni za shamba tu, na mtu aliruhusiwa kuandika "mvinyo wa zabibu za kilimo hai" basi. Kuanzia mavuno ya 2012 zikaja kanuni za kiwandani pia. Mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu, ukiwa wa kilimo cha kawaida unaruhusiwa hadi miligramu 150 za salfaiti kwa lita. Wa kilimo hai mwisho wake ni 100. Asidi ya sobiki, ambayo wengine huitumia kuhifadhi, hairuhusiwi kabisa. Na shamba lenyewe lazima lilimwe kwa kanuni hizo miaka mitatu kabla zabibu zake hazijapewa jani. Nchi yako ya Abruzzo, kwa kuwa umeitaja, ina milima mirefu upande mmoja na bahari upande mwingine, hewa haitulii, na Montepulciano ni zabibu nzuri sana kwa pesa yake. Dada yako alichagua vizuri.

Kuhusu kichwa, sitakuahidi kwamba jani litakiponya. Jiulize hivi: mvinyo mweupe unakuuma pia? Sheria inaruhusu salfaiti nyingi zaidi kwenye mweupe kuliko kwenye mwekundu. Ukiumwa kwa mwekundu peke yake, mkosaji huenda ni kitu kingine. Kunywa glasi moja na chakula, na maji ya kutosha kando yake. Kichwa kikiendelea, achana nao na umuone daktari. Mwenye pumu awe mwangalifu zaidi, maana wapo ambao salfaiti huwabana kifua.

Utakutana pia na chupa zilizoandikwa *senza solfiti aggiunti*, yaani hakuna salfaiti zilizoongezwa. Huko kwao, kwenye pango la mawe lenye baridi, nimezinywa na nikafurahi. Kwa Tanga sikushauri. Hazina ngao, na safari ya lori kutoka bandarini mwezi wa pili inatosha kuziharibu.

*Baharia, samaki wa kupaka anakwenda na mvinyo mwekundu? Mume wangu anasema haiwezekani.*
Msomaji, Pangani

Inawezekana, mama, mradi uwe mwepesi na usiwe na ukakasi. Mvinyo mzito ukikutana na samaki mwenye mafuta huacha ladha ya chuma mdomoni. Hapo mume wako ana haki. Tafuta Frappato kutoka Vittoria, kusini mashariki mwa Sicily. Sicily ndiyo yenye mashamba mengi zaidi ya mizabibu ya kilimo hai katika Italia yote, na sababu ni ileile ya jua na upepo mkavu. Frappato ina rangi ya kupita mwanga na harufu ya matunda madogo mekundu, na tui la nazi inalipokea vizuri. Ukikosa, ulizia Kadarka ya Szekszárd, Hungaria. Uweke kwenye friji saa nzima kabla ya chakula. Pilipili ipunguze, kwa kuwa kileo huuzidisha moto wake.

*Mzee, mbona unatupeleka Ulaya kila siku? Dodoma si wanalima zabibu? Kuna haja gani ya kusifia wageni?*
Mkulima wa machungwa, Muheza

Swali lako ni la haki na nalijibu kwa moyo. Dodoma ina sifa ileile niliyoisifia Jumilla: mvua haizidi sana milimita 500 au 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache, kisha ukavu mrefu. Ndiyo sababu zabibu zinakubali pale na haziwezi kukubali Muheza kwako. Mvinyo unaotokana na zabibu za ndani hutozwa ushuru mdogo sana ukilinganisha na ulioagizwa nje, kwa hiyo kwa pesa ileile unapata kingi zaidi. Mwekundu wa zabibu ya Makutupora, ukiwa mkavu na si ule wa kutiwa sukari, unakaa vizuri na nyama choma, na nimeuweka kwenye orodha za hoteli tatu. Hata milimani kwetu, wamisionari wa Sakharani karibu na Soni wanatengeneza wao.

Ila walioandika waliuliza kilimo hai chenye cheti. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu tangu 2007 na alama yake inaitwa Kilimo Hai. Mimi nawaombea wakulima wa Dodoma waione hiyo alama kama mlango, kwa sababu hali ya hewa imeshawafanyia nusu ya kazi, na wageni wa Bagamoyo wangeinunua chupa hiyo kabla ya ile ya Hispania. Siku nitakapoiona dukani nitaandika ukurasa mzima.

*Shikamoo. Nilinunua katoni mbili za Negroamaro ya kilimo hai kutoka Puglia, Italia, kwa ajili ya mgahawa wetu. Nimeziweka stoo ya nyuma, paa la bati. Juzi nimeona vizibo vya chupa mbili vimenyanyuka. Zimeharibika zote?*
Mwenye mgahawa, Ngamiani

Marahaba, na leo hii, kabla hujamaliza kusoma, zitoe humo.

Nayajua maumivu yako. Mwaka wangu wa tatu melini nilipewa katoni kumi za Primitivo, tulizonunua Bari kwa mkulima mmoja aliyetuuzia kwa bei ya kirafiki. Stoo ilikuwa imejaa, nikazipanga kwenye chumba kilichopakana na injini. Tulipofika Mfereji wa Suez nilifungua ya kwanza. Harufu ilikuwa ya jemu iliyochemka, na rangi imeshaanza kuwa kahawia. Mvinyo ule ulikuwa umelimwa kwa mikono, bila sumu, na mtu niliyeshikana naye mkono, nami nikaupika ndani ya wiki mbili. Nilikaa nao moyoni muda mrefu. Kwa hiyo nikisema juu ya joto, nasema kwa uchungu.

Mvinyo mwekundu unapenda mahali penye nyuzi 12 hadi 18. Chini ya bati la Ngamiani mchana inapita nyuzi 40 kwa urahisi. Hapo mvinyo hutanuka, hukisukuma kizibo, na usiku ukipoa huvuta hewa ndani. Ukiwa na friji ya zamani isiyotumika, iwashe kwa baridi ndogo kabisa na uzilaze humo. Ukikosa, tafuta chumba cha ndani kisichopigwa na jua, chenye ukuta mnene na sakafu ya saruji. Zilaze sakafuni, zifunike na magunia, mbali na jiko. Usiagize tena katoni mbili kwa pamoja. Agiza chupa sita, uza, kisha agiza nyingine.

Na usimpe mgeni mvinyo mwekundu kwa joto la chumba chetu. Hilo "joto la chumba" linaloandikwa vitabuni ni la nyumba za mawe za Ulaya. Hapa utie kwenye friji nusu saa, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika kumi na tano. Negroamaro ya moto inaleta ukali wa kileo puani. Ikipoa kidogo utasikia zambarau na uchungu mdogo kama wa kahawa. Chupa iliyofunguliwa isipoisha, irudishie kizibo na uiweke kwenye friji. Itakaa siku tatu, ya nne usiiuze.

Sasa fungua moja kati ya zile ambazo vizibo havijanyanyuka. Mimina juu ya kitambaa cheupe, tazama ukingo. Ukiwa bado wa zambarau na harufu ni ya matunda mabichi, zilizobaki zina matumaini. Ziuze mwezi huu, usizingoje. Zile mbili zilizonyanyuka, kama hazijawa siki, zipikie nyama ya ng'ombe ya mfupa, moto mdogo, saa tatu, na vitunguu vingi.